Nilifunga Gia ya Tano Nimfikie Mama Mkwe, Nikakuta Walishanililia

"Shikamoo mama..."

Mama mkwe wangu alinitazama usoni, akashusha macho hadi miguuni, akanirudia usoni tena. Beseni la vyombo likamponyoka. Sahani zikasambaa mlangoni pote.

"Wewe..." akasema. "Wewe si ulikufa?!"

Jamani!

Niligeuka nyuma nikidhani anaongea na mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Ilikuwepo pikapu yangu tu, imejaa vumbi la safari.

Naye akaiona. Akaanza kurudi kinyumenyume huku anashika ukuta.

"Na hilo gari... si lilipinduka nawe?!"

Wapendwa, kabla hamjasema huyu dada anatunga, kaeni hapo niwaeleze nilifikaje kwenye ule mlango.

Mimi nauza vipuri vya magari. Pikapu ile aliniachia marehemu baba. Ni gari la zamani, limenizidi umri, chuma kitupu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: gia nne. Mjini halina neno. Ila ukishika barabara kuu, ukiweka ya nne umefika mwisho wa hesabu. Injini inapiga kelele kama inachinjwa!

Mume wangu akaufanya ugonjwa huo wimbo.

"Mke wangu, kwetu mbali. Hili gari litatufia njiani."

"Basi twende na basi."

"Nikupeleke kwa mama mara ya kwanza umekunjwa kama nguo ya mtumba? Subiri. Siku gari likipata gia ya safari, siku hiyo hiyo tunaondoka."

Mama mkwe hakufika kwenye harusi yetu, alikuwa anaumwa. Tulimpelekea picha, moja tumesimama mbele ya pikapu. Mwanzoni tulisalimiana kwa simu, baadaye mume wangu akaniambia masikio ya mama yamekufa, simu hasikii tena.

"Usijali, salamu nitapeleka mimi."

Na kila akienda kwao, anarudi na majibu.

"Mama anakupenda sana. Anasema uvumilie."

Nikavumilia. Ukipenda, hata chongo unaita kengeza.

Siku moja ikaletwa dukani gia boksi ya gia tano. Gari ilikotolewa liligongwa, lakini yenyewe ndani safi, meno yote yapo. Moyo ukaniruka! Mume wangu alikuwa amesafiri kikazi. Nikasema, huyu nitamshtua.

Nikaipeleka kwa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Spana.

Akaizunguka kimya. Kisha akaanza kunivunja moyo.

"Ni ndefu kuliko ya zamani. Propela, hili bomba la kuzungusha magurudumu ya nyuma, itakatwa. Pa kukalia gia boksi parudishwe nyuma. Sakafu itobolewe upya, maana mkono wa gia utatokea kwingine. Diski ya klachi nayo haiingiliani, itafutwe nyingine."

"Kwa hiyo haiwezekani, mjomba?"

"Nimetaja kazi zake. Nani kasema haiwezekani? Kavae ovaroli."

Tukalala chini ya gari, mimi na mjomba. Gia boksi iko juu ya jeki, yeye anaielekeza, mimi nasukuma. Ikagoma. Nikaisukuma kwa hasira, ikagoma zaidi.

"We! Usiilazimishe! Gia boksi ni kama ukweni, huingii kwa fujo. Itikise... taratibu... hapo hapo!"

Klak!

Ikakaa. Oili imenitiririkia hadi shingoni na nacheka kama mwehu.

"Huyo mume ana bahati," mjomba akasema akijipangusa. "Mimi mke wangu hata tochi hanishikii."

Propela ilipokatwa na kusawazishwa isitetemeke, tukafunga kila kitu. Ndipo likanijia wazo. Kwa nini nimsubiri? Jina la mji wao nalijua. Nyumba nitauliza. Nimfuate mama mwenyewe nimlete kwangu, mwanawe akirudi kutoka kazini amkute sebuleni!

Nikaondoka na jua la asubuhi.

Barabara kuu ikafunguka. Nikaweka ya nne, injini ikaanza kilio chake. Nikakanyaga klachi, nikavuta mkono wa gia kuelekea ya tano...

Injini ikatulia kama mtoto aliyepata titi. Gari linakimbia, lakini unasikia upepo tu. Nililia kwa furaha, peke yangu mle ndani. Nikasema, "Baba, umeliona gari lako?"

Sikujua machozi bado yapo mengi.

Turudi mlangoni.

"Mama, mimi mzima. Nani kakwambia nimekufa?"

Alinisogelea kwa woga, akanishika vidole kimoja kimoja, kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikayumba.

Akanivuta ndani. Ukutani kulikuwa na picha yangu ya harusi. Imekatwa nusu, nimebaki peke yangu. Pembeni maua ya plastiki, kama wanavyowekewa waliotangulia.

Mara akatokea dada mmoja kutoka uani, mikono ina povu la sabuni. Akaniona. Akaitazama picha. Akanitazama tena.

"Mama... huyu si... si marehemu?"

"Na wewe ni nani?" nikamuuliza.

Alitazama chini.

"Mimi ndiye aliyeolewa baada yako."

Kabla sijavuta pumzi, sauti ikatoka chumbani.

"Nani huyo amekuja?"

Sauti ya mume wangu! Yule aliyesafiri kikazi!

Akatoka na kandambili, kambeba mtoto wa kike begani. Aliponiona, rangi ilimtoka. Unajua alisema nini? Hakusema samahani.

"Umefikaje hapa?"

"Kwa pikapu."

"Lile gari la gia nne?"

"Zipo tano sasa. Ya tano nimeifunga mwenyewe, nije nimwone mama."

Akafunga macho.

"Kwa nini uliniua?" nikamuuliza. "Ungeniacha tu. Watu wanaachana kila siku. Kwa nini uliniua?"

Aliyejibu ni mama yake.

"Kwa sababu yangu, mwanangu. Alikuja hapa akasema kapata msichana mwingine. Nikamwambia, una mke, mimi sitoi baraka kwa mwanaume anayemliza mke wake. Nikasema maadamu yule yu hai, mwingine hakanyagi nyumba hii. Akaondoka amenuna. Akarudi analia, akasema gari limepinduka, umefariki, na kwenu wameshakuzika."

Mama akajipiga kifua.

"Nilikulilia mpaka nikalazwa! Kumbe nilikutetea, na utetezi wangu ndio ukakuua!"

Wapendwa... miaka yote, licha ya zile salamu, moyoni niliogopa labda mama yule hanitaki. Kumbe katika nyumba ile aliyenipenda alikuwa yeye.

Mume wangu akaanza, "Mke wangu, nisikilize..."

Tuligeuka wote wawili, mimi na yule dada. Hatukujua anamwita nani.

Nikatoka. Sikutukana, sikuvunja kitu. Nguvu hizo sikuwa nazo. Nilikaa kwenye usukani nikalia mpaka kifua kikauma.

Dirisha likagongwa, nikashusha kioo. Yule dada, macho mekundu, kambeba mwanawe.

"Dada, wallahi sikujua."

"Nakuamini."

"Kuna jambo wameshindwa kukwambia." Akameza mate. "Nilipojifungua, nilikuwa naitazama ile picha yako kila siku. Nikawaza, binti wa watu kafa kijana, hata mtoto hakuacha. Nikaona asisahaulike. Huyu mwanangu... nilimpa jina lako."

Mtoto alikuwa ananitazama, kidole mdomoni. Mama yake akamwita arudishe kichwa begani, na jina lililotoka ni langu. Langu kabisa, kama alivyokuwa akiniita baba.

"Nimbadilishie?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilimshika yule mtoto mguu wake mdogo. Hana kosa lolote.

"Usimbadilishie. Ila akikua akakuuliza, usimwambie ni jina la marehemu."

Akalia, nami nikalia, dirisha likiwa katikati yetu.

Ndoa yangu iliishia siku ile. Mama mkwe bado namwita mama. Ananipigia simu, na masikio yake, niwaambie tu, yanasikia kuliko yangu.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mwenzio akikuletea salamu za watu wake kila siku lakini wewe mwenyewe hakufikishi kwao, usikae unajiliwaza kwamba una subira. Nenda. Uliza. Huenda huko walishamaliza kukulilia, na wewe bado unapika chakula cha jioni.