Tanuru Lililogoma Kufa

Haya yalimpata mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa mwangalizi wa tanuru kwenye kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Hakuwa mtu wa porojo.

Siku ile ilianza kawaida tu. Treni ya makaa ilikuwa imekwama njiani. Mjomba na wenzake wakanywa chai, wakataniana kwamba umeme ukikatika wake zao watawafungia mlango. Kufika mchana, mkanda wa kupandisha makaa ulikuwa ukizunguka mtupu. Msimamizi wa zamu akasema waache tanuru lizimike lenyewe.

Halikuzimika.

Mshale wa joto ulipanda. Msimamizi akamcheka mjomba. "Mji una taa, wewe umenuna. Una nini?"

"Bosi," mjomba akauliza, "linakula nini?"

Swali lile lilimkera. Akapanda ngazi kwenda kuchungulia ghala la juu, linalomwaga makaa tanuruni. Alipokawia, mjomba akamfuata. Akamkuta amepiga magoti, kichwa kimezama ndani, ananong'ona.

"Nakuja. Nipe mkono."

Ghala lilikuwa tupu. Lakini huko chini, mtu alikohoa.

Mjomba alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mzee wa koleo, aliyefukiwa na makaa humo humo mwaka uliopita. Wenzake walipiga kelele mkanda uzimwe. Msimamizi akakataa, kisha akawaambia wafiwa kwamba mzee alikuwa amelewa. Mwili ulikuwa umeteketea tanuruni; jeneza lilizikwa na nguo tu.

Msimamizi akateleza. Mjomba akamdaka miguu. Kitu kikavuta kutoka chini. Kikavuta tena.

"Mzee wangu," mjomba akanong'ona, "mwachie. Atawaambia wanao ukweli. Nitampeleka mwenyewe."

Kisha uzito ukaachia. Tanuru likazima ghafla, kama kibatari kilichopulizwa. Na mji mzima ukazima.

Jioni ile msimamizi alikiri mbele ya watoto wa marehemu, akilia. Akaacha kazi, akahamia mbali, kusiko na makaa wala reli.

Mjomba alikwenda kumjulia hali mara moja tu. Mke wa msimamizi akamvutia jikoni, akamwonyesha foronya.

"Shemeji, naifua kila siku. Analala msafi, anaamka mto umejaa vumbi jeusi. Linamtoka masikioni."

Mjomba akaligusa, akaurudisha mkono upesi.

Lilikuwa bado la moto.