Vidole Ndani ya Chungu

Chungu cha Cécile kilikuwa na alama za vidole vitano kwa ndani, chini ya shingo ambayo hata yai lisingepita.

Mutanu aliziona saa nne asubuhi, kwa tochi ya simu. Alikuwa peke yake katika fleti yao ya Granville. Cécile alikuwa zamuni kwenye kituo cha wazee. Ilikuwa Agosti 2021, Sydney imefungwa kwa korona, wageni marufuku.

Anti Noreen, msanii wa Kiaborijini, mwenyeji asilia wa Australia, aliyewafundisha ufinyanzi, angechagua kimoja tu kati ya vyungu vyao cha kukaa kando ya vyake kwenye maonyesho. Juzi, kwa video, alimwambia Mutanu afute madoa mekundu aliyoyaiga kutoka vyungu vya Anti. "Hilo ni jangwa la bibi yangu, mwanangu. Chora kwenu." Kisha akakisifu cha Cécile, chenye mchoro wa ziwa la kwao Bukavu, mpaka Mutanu akajing'ata shavu.

Sasa alikiinamia kile chungu kibichi. "Pasuka," akanong'ona.

"Hodi," sauti ikaita kutoka ndani.

"Karibu," Mutanu akaitika kwa mazoea, kabla hajakumbuka kwamba hakuna mtu.

Harufu ya mvua juu ya vumbi ikajaa jikoni ingawa nje jua liliwaka, na kitu chenye majimaji kikampitia mkononi, kikashuka mezani, kikatembea sakafuni taratibu, tap, tap, tap, hadi chumbani kwa Cécile, na mlango ambao siku zote hulia ukafunguka kimya.

Jioni Cécile alirudi, akajinyoosha kitandani kidogo, akaamka akipiga kelele.

"Dada Mutanu! Vidole yangu haifunguke!"

Vilikuwa vimejikunja ngumi, na udongo mbichi ukivuja katikati yake.

Mutanu akajifungia bafuni, akampigia mama yake Kitui, akamsimulia yote.

"Nani alikikaribisha?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Basi mwambie mwenzako ulichomtakia. Leo, kabla huo udongo haujakauka. Ukikauka, mikono si yake tena."

Alipotoka, Cécile alikuwa amekaa sakafuni. "Nini imenipata, dada? Niambie basi."

Mutanu akafungua mdomo. Simu ikaita: Anti Noreen.

"Kesho gari litapita kuchukua chungu cha Cécile kikachomwe kwa maonyesho. Kiko tayari?"

Cécile alikuwa akimtazama, ngumi zote mbili mapajani.

"Amejitoa, Anti," Mutanu akasema. "Chukua changu."

Udongo kwenye ngumi za Cécile ukaanza kupauka.