Kidonge cha Vumbi

Wenzake walimwita Randa, kwa jinsi alivyojua kulainisha mbao. Lakini vumbi la mbao lilikuwa adui yake. Akiwasha msumeno wa umeme tu, chafya zinaanza, macho yanawasha, makamasi yanatiririka. Karakana yao ilikuwa na dawa yake. Kila asubuhi fundi mkuu alipitisha kopo la vidonge kama anayegawa karanga. Kila mtu alimeza kimoja kwa chai, ndipo kazi ianze. Walikiita kidonge cha vumbi.

Asubuhi moja Randa alisinzia amesimama. Ubao uliruka, meno ya msumeno yakachana mkono wa shati lake. Nusura vidole viende. Fundi mkuu alizima umeme, akamwita mlevi mbele ya watu, akamfukuza mpaka pombe imtoke.

Randa hakuwahi kuonja pombe. Alifika nyumbani amefura kwa hasira. Mkewe naye alikuwa na lake: amechoka na mume anayelala sahani mkononi. Dada wa mke, muuguzi wa zahanati, alikuwa amekuja kuwasalimu. Akauliza Randa anameza nini. Alipoonyeshwa kidonge kimoja kilichobaki mfukoni, alikunja uso.

"Shemeji, unameza hiki halafu unashika msumeno? Una vidole vya akiba?"

Randa alimjibu kwa ukali kwamba hiyo ni dawa ya chafya, si ya usingizi.

"Inafanya yote mawili. Vumbi likikuingia, mwili wako unadhani umevamiwa. Unamwaga kitu kinaitwa histamini. Hicho ndicho kinachowasha macho na kuleta chafya, na kidonge kinakizuia. Sasa sikiliza. Histamini hiyohiyo, ndani ya ubongo, inakusaidia kukaa macho. Dawa hii ni ya aina ya zamani. Inapenya mpaka kwenye ubongo, inaizuia na huko. Utaachaje kusinzia?"

Akaongeza kwamba hata ukiimeza jioni, asubuhi unaweza kuamka na kichwa kizito, maana bado imo mwilini.

Hasira ilimpanda Randa upya. Kumbe ametukanwa na mtu yuleyule aliyempa kidonge!

Zahanati walimpima, wakampa dawa ya aina mpya, isiyopenya sana kwenye ubongo. Walimwonya aijaribu kwanza siku asiyoshika mashine, kwani wapo wanaosinzia hata kwa hiyo. Tena avae barakoa, na anyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia.

Aliijaribu nyumbani bila kusinzia, ndipo akarudi kazini macho makavu. Fundi mkuu alikuwa akipitisha kopo. Randa aliliziba kwa kiganja.

"Pombe yangu ndiyo hii, bosi. Na umeninywesha wewe."

Akaeleza yote, bila kupunguza neno. Fundi mkuu aliutazama mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu. Miaka yote alikuwa akilaumu msumeno mbovu kwa siku vile vingine vilipokatika. Akaweka kopo chini, akaagiza barakoa za watu wote, akamrudisha Randa kwenye mashine.

"Siku ile," akasema polepole, "nilikuwa nimemeza viwili."