Maji Yanayotekenya

Asubuhi kwa Hadiya ilianza na harufu ya mahamri. Hadiya na mumewe Salmin walikuwa na mkahawa mdogo kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Dundori. Watu walikuja kunywa chai, kula pilau na kupumzika kwenye nyasi. Nyuma ya mkahawa kulikuwa na bwawa dogo la kuogelea. Lilikuwa la watoto, na maji yake yalimfikia mtu mzima kiunoni. Binti yao Sundus alijifunza kuogelea humo kabla ya kujua kusoma.

Hadiya alikuwa mtu wa kuuliza. Akiona jambo, lazima ajue limetoka wapi. Mama mkwe wake, Bi Najwa, alizoea kumtania kwamba alifaa kuolewa na polisi, si na muuza pilau. Hadiya alicheka tu, akaendelea kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Maji ya bwawa yakikaa hivihivi huchafuka. Kwa hiyo Salmin alinunua pampu iliyokwisha kutumika. Pampu hunyonya maji, huyapitisha kwenye filta, kisha huyarudisha bwawani yakiwa safi. Aliiweka ndani ya stoo ya mabati, hatua chache kutoka kwenye maji. Shida ilikuwa moja. Stoo haikuwa na stima.

Sasa Salmin ni mtu mzuri, lakini ana ugonjwa mmoja. Hakuna kitu asichotaka kutengeneza mwenyewe. Alichomeka waya kwenye soketi ya jikoni. Waya haikufika. Akaunganisha kipande kingine, akazungusha tepu, akafunika kwa nailoni, halafu akafunga kwa blada ya baiskeli, ile raba ya ndani ya gurudumu. Kisha akaipitisha waya yote ndani ya mpira wa kumwagilia maji, akaufukia kidogo tu chini ya nyasi. Hadiya alimuuliza kama mvua haitaingia. Salmin akajibu kwamba mpira hauingizi maji. Alisahau kwamba mpira ule ulikuwa umetupwa kwa sababu ulikuwa na matundu.

Pampu ikanguruma. Maji yakang'aa. Salmin akatembea siku hiyo kifua mbele.

Mvua ya masika ilipoanza, Sundus alitoka bwawani akicheka.

"Mama, maji yananitekenya," alisema.

Salmin alitia mkono majini. Kweli, alihisi kitu kama sisimizi wakitembea kwenye ngozi. Alifikiri kidogo, akasema ni madini. Maji yao yalitoka kwenye kisima kirefu. Na nani hajui mambo ya Bonde la Ufa? Huku ardhi yenyewe inatoa moshi. Kule Bogoria maji yanachemka bila kuni. Nakuru kuna watu wengi wenye meno ya kahawia kwa sababu ya maji ya visima. Basi maji yakitekenya, kuna ajabu gani?

Bi Najwa alisikia habari hiyo, akaleta magoti yake. Magoti hayo yalikuwa yamemsumbua miaka mingi. Alikaa kwenye ngazi ya bwawa, miguu ndani ya maji, jua likimpiga mgongoni. Jioni alisema amepata nafuu. Wangare, mama aliyewaletea viazi kutoka Dundori, alijaribu pia. Naye akasifu. Huko Dundori maneno husafiri haraka kuliko viazi. Muda si muda, akina mama walikuja na magoti yao, wakakaa kwenye ukingo wa bwawa wakinywa chai. Waganga wengine huhitaji mikoba. Salmin alihitaji pampu peke yake.

Hadiya alifurahi kuona wateja. Lakini jambo moja lilimkera moyoni. Kisima walikuwa nacho tangu zamani. Mbona maji hayakuwahi kutekenya mtu?

Siku moja aliwapelekea akina mama chai. Bi Najwa na Wangare walikuwa miguu ndani ya maji kama kawaida. Mara stima ikapotea. Redio ya jikoni ikanyamaza, pampu nayo ikanyamaza. Wangare akaangalia miguu yake.

"Mama Sundus," alisema, "na hii dawa imeenda wapi? Sisikii kitu."

Bi Najwa naye hakusikia kitu. Walikaa, wakanywa chai. Baadaye redio ikaanza tena kuimba, na pampu ikanguruma. Wangare akatabasamu.

"Imerudi," alisema.

Hadiya alisimama na sinia mkononi.

"Madini gani haya," aliuliza, "yanayopotea stima ikipotea?"

Hadiya aliwaomba watoke majini. Bi Najwa akakataa, akisema goti la kulia ndiyo kwanza limeanza kulegea. Hadiya alitamani kumvuta kwa mkono, lakini akaogopa kuyagusa maji. Akaweka sinia chini, akakimbia jikoni hadi kwenye meni swichi, akaizima. Mkahawa wote ukazimika. Ndipo akarudi kuwatoa, mmoja baada ya mwingine.

Salmin alikuja akiwa amekasirika. Idd ilikuwa imekaribia. Alikuwa ameahidi watoto wote wa madrasa kwamba watakuja kula pilau na kuogelea, na Sundus hakuongea habari nyingine. Aliteta kwamba watu wakisikia maji yana stima, hakuna atakayerudi. Alitaka jambo hilo liishie hapo hapo.

Bi Najwa alikuwa akijikausha miguu kwa leso. Hadiya alidhani atamtetea mwanawe.

"Mficha uchi hazai," Bi Najwa alisema. "Mimi nilikuwa ndani ya hayo maji. Mjukuu wangu pia. Mwiteni fundi."

Hadiya alimpigia simu Chepchirchir. Huyu alikuwa fundi wa stima mwenye leseni. Wakulima wa Dundori walimjua, kwa maana ndiye aliyefunga stima kwenye mashine yao ya kupoza maziwa. Chepchirchir alisikiliza, kisha akasema mambo mawili tu. Meni swichi ibaki imezimwa. Mtu yeyote asiguse maji, wala pampu, wala ile waya.

Alipofika alipima kwanza kwa kifaa chake kuhakikisha stima haipo kabisa. Kisha akang'oa plagi ya jikoni, akaanza kufukua mpira. Haikuwa kazi kubwa, udongo ulikuwa mdogo sana juu yake. Alipoukata, maji yakamwagika. Akafika kwenye kiungo cha waya. Ndani ya nailoni mlikuwa na maji, na shaba imegeuka kijani.

"Nilifunga kwa blada nyingi," Salmin alisema kwa sauti ndogo.

"Blada inafunga, lakini haizibi," Chepchirchir alimjibu. Hakumcheka. "Maji yameingia hapa. Stima ikatoka kwa waya, ikaingia kwa udongo, ikafika kwa bwawa. Hayo ndiyo madini yenu."

Hadiya alikuwa na maswali mengi. Aliuliza kwa nini stima hiyo ilitekenya tu na haikuua. Chepchirchir akamweleza kwamba ilikuwa kidogo. Udongo ungelowa zaidi, au waya ingechubuka zaidi, ingekuwa nyingi. Stima nyingi hukaza misuli ya mwili. Mtu hawezi kuogelea, hawezi kushika ngazi.

"Mtu akishikwa na stima ndani ya maji, hapigi kelele," alisema. "Unaona tu amenyamaza. Na anayeruka kumwokoa anashikwa pia. Ulifanya vizuri kukimbilia swichi, Mama Sundus. Zima stima kwanza, halafu ndiyo uokoe mtu."

Hadiya alimtazama Sundus, aliyekuwa akiruka kamba uani. Alikumbuka kicheko cha siku ile, na moyo ukamuuma vibaya. Salmin aliketi chini kwenye nyasi. Alisema hakujua. Na ni kweli hakujua, lakini stima haimwulizi mtu kama anajua.

Kazi ilianza. Chepchirchir hakutumia soketi ya jikoni hata kidogo. Alitoa laini mpya kutoka kwenye meni swichi, ikawa na swichi yake peke yake. Kebo aliyotumia ilikuwa ngumu, imevikwa chuma, ya kuzikwa ardhini. Ilikuwa kipande kimoja, bila kiungo, kutoka jikoni hadi stoo. Salmin alichimba mtaro mwenyewe. Alipofika kina cha kifundo cha mguu aliuliza kama inatosha. Chepchirchir akatikisa kichwa. Mtaro upite goti, alisema, ndipo jembe la mtu lisifike kwa kebo. Walilaza kebo juu ya mchanga, wakaifunika kwa mchanga. Juu ya mchanga wakaweka utepe wa manjano. Hadiya aliuliza utepe ni wa nini.

"Ni wa kuonya," alisema Chepchirchir. "Miaka ijayo mtu akichimba hapa, ataona utepe kabla ya kugusa kebo."

Kando ya stoo alipigilia fimbo ndefu ya shaba ardhini. Akaunganisha pampu na fimbo hiyo kwa waya ya kijani na manjano. Ngazi ya chuma ya bwawa nayo akaiunganisha. Hiyo inaitwa athi, alieleza. Pampu ikiharibika, stima iliyopotea inapata njia ya kushuka ardhini, isimtafute mtu.

Mwisho alifunga kisanduku ukutani ndani ya stoo, juu, mahali pakavu. Ndani yake mlikuwa na swichi yenye kitufe kidogo. Salmin alikuwa amechoka, na jasho limemfanya mkali tena. Kebo ni mpya, alisema, athi ipo. Swichi nyingine ya nini?

Chepchirchir alifuta mikono. Alisema swichi hiyo ni ya usalama. Inafanya kama mama anayewahesabu watoto wakitoka na wakirudi. Stima inatoka, inazunguka kwenye pampu, inarudi. Ikirudi pungufu, swichi inajua kuna mahali imepotelea, na inakata papo hapo, kabla mtu hajaumia.

"Kebo ni mpya, lakini pampu ni mzee," aliongeza. "Siku moja itavuja. Hiyo siku, utamshukuru huyu."

Aliwaonyesha kitufe. Kila mwezi wakibonyeze. Swichi ikijishusha, ni nzima. Ikikataa kushuka, wazime meni na wamwite. Na ikijishusha yenyewe siku yoyote, wasiirudishe juu kabla ya kujua sababu. Akambonyezea Hadiya, swichi ikaanguka. Hadiya akaomba abonyeze mwenyewe. Kisha akaomba tena.

Chepchirchir alipima tena athi, kebo na maji ya bwawa, pampu ikinguruma. Hakukuwa na stima hata chembe majini. Kuhusu magoti, aliwashauri akina mama waende hospitali. Wangare alilalamika kidogo, akasema hata kukaa tu juani na chai ni dawa. Hapo hakuna aliyembishia.

Idd ikafika. Watoto wa madrasa walijaa bwawani, Sundus akiwa katikati yao. Masufuria ya pilau yalikuwa yakitoa mvuke, na wageni walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Salmin alivaa kanzu nyeupe ambayo Hadiya aliipiga pasi alfajiri.

Mara pampu ikanyamaza. Hadiya alitazama jikoni. Taa zilikuwa zinawaka. Stima haikuwa imepotea.

Aliacha mwiko, akaenda stoo haraka. Alimkuta Salmin mbele ya kisanduku. Swichi ya usalama ilikuwa chini, na mkono wake umeshainuka kuirudisha juu. Nje watoto walikuwa wakirushiana maji.

"Baba Sundus," Hadiya alisema, "imejishusha kwa nini?"

Mkono wa Salmin ulisimama. Akaushusha. Alitoka nje, akawaita watoto wote watoke majini. Walinung'unika, wakaomba dakika moja tu. Hakuwapa. Bi Najwa akawaita wale pilau, na manung'uniko yakaisha.

Chepchirchir alikuja mchana huohuo. Alizima laini ya stoo, akapima, akafungua pampu. Maji yakachuruzika kutoka ndani ya mota. Raba inayozuia maji ilikuwa imekwisha.

"Maji yameingia kwa mota," alisema.

"Watoto wakiwa ndani ya bwawa?" Salmin aliuliza.

"Ndiyo. Na swichi ikakata."

Salmin alitoka stoo, akapita katikati ya wageni bila kumwona mtu. Sundus alikuwa kwenye mkeka, nywele zikidondoka maji, mkono kwenye sahani ya pilau. Salmin alimwinua, akamkumbatia na maji yake yote. Kanzu nyeupe ikalowa, mafuta ya pilau yakaishika begani. Alilia mbele ya watu, na hakujificha. Hadiya aliyaona yote, na kanzu haikumpitia akilini.

"Baba, nimefanya nini?" Sundus aliuliza.

"Hujafanya kitu," Salmin alisema. "Kula, mwanangu. Kula tu."