Mkasi Unaotembea

Kila asubuhi nyumba ile iliamshwa na cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, kwenye meza ya mbao yenye miguu myembamba. Cherehani yake ilikuwa ya umeme. Akiikanyaga kidogo, ilisema tiki tiki. Akiikanyaga sana, ilivuma. Hapo katikati, meza nzima ilitetemeka na mkasi wake ukaanza kutembea. Ulitembea taratibu mpaka ukingoni, kisha ukaanguka sakafuni.

"Huyo, kaondoka tena," Mama alisema kila siku, akainama kuuokota.

Binti yake aliitwa Nati. Halikuwa jina la kwenye vyeti. Alipokuwa mdogo alifungua kila kitu chenye nati: kitanda, baiskeli, hata kiti alichokalia shangazi yake. Shangazi alianguka, akacheka, akampa jina hilo na kulitangaza mtaa mzima. Baba yake Nati alifariki mapema, na tangu hapo Mama na Shangazi walimlea pamoja. Sasa alikuwa mtu mzima. Alikuwa na shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo, na alifanya kazi kwenye kituo cha kusukuma maji.

Jioni moja Shangazi aliingia bila kubisha hodi, na kitambaa cha rangi ya zambarau begani.

"Wifi, nipime! Mtoto wetu amekubaliwa chuoni. Shahada ya pili! Siku ya kuvaa joho, sitaki mtu anizidi kwa gauni."

"Hata hajaanza kusoma," Mama alisema.

"Haraka haraka haina baraka, najua. Lakini gauni zuri halishonwi mkesha wa sherehe."

Mama alicheka, akachukua utepe wa kupimia. Nati hakucheka. Ni kweli alikuwa amekubaliwa. Alikuwa ameomba kusomea uhandisi wa mafuta na gesi. Lakini wiki hiyo hiyo mkuu wa kituo alimwambia, "Nafasi ya kiongozi wa zamu iko wazi. Nakutaka wewe. Nipe jibu Ijumaa." Chuo nacho kilitaka jibu Ijumaa. Nati alishindwa hata kula. Akichagua vibaya, aliona atajuta maisha yake yote.

Kesho yake jirani yao alikuja kuchukua sare za watoto wake. Aliitwa Mama Pacha. Alikuwa mhandisi katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi. Alimkuta Nati anapiga pasi shati moja, anarudia lile lile.

"Shati hilo limekukosea nini?" Mama Pacha aliuliza.

Nati akamweleza yote. Mama Pacha akavuta kiti.

"Mafuta na gesi unayapenda?"

"Sijui, dada. Sijawahi kuyafanyia kazi."

"Sasa kwa nini uliomba?"

Nati alitazama chini. "Wenzangu wote niliosoma nao waliomba huko."

"Aa, umefuata mkumbo," Mama Pacha alisema, bila ukali. "Sikiliza. Watu wengi wanadhani shahada ya pili ni darasa linalofuata tu. Umemaliza la nne, unaingia la tano. Sivyo. Shahada ya kwanza inakufundisha majibu ambayo wengine wameshayapata. Ya pili iko ya namna mbili. Kuna ya kusoma darasani, kwa mtu anayejua ujuzi gani unampungukia kazini. Na kuna ya utafiti. Hiyo inakutaka uje na swali."

"Swali gani?"

"Swali lako. Linalokunyima raha. Mimi mara ya kwanza nilienda bila swali. Nilisinzia maktaba mpaka mlinzi akanizoea. Nikaacha. Nikafanya kazi, nikakutana na matofali yanayopasuka bila sababu. Niliporudi chuo na swali langu la matofali, usingizi ulinikimbia wenyewe."

"Na kama sina swali, dada?"

"Fanya kazi. Maswali yanaota kazini. Na usipolipata, si aibu. Kuna wahandisi hodari wanaostaafu na shahada moja, na mitambo inawaheshimu. Chuo hakihami, mdogo wangu. Kusubiri si kushindwa."

Ijumaa ilipofika, Nati alikataa nafasi ya chuo na kukubali uongozi wa zamu. Kisha akaenda kumwambia Shangazi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Unakataa?" Shangazi alishika kichwa. "Mimi nimeshamwambia mpaka muuza mkaa!"

"Sikatai kusoma, Shangazi. Nakataa kusoma kitu nisichokijua."

Shangazi alimgeuzia mgongo. Kwa muda mrefu hakuja tena kwao. Gauni lilikuwa limeshonwa mkono mmoja tu. Mama alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila Nati alipofunga mlango lilimtazama. Aliumia. Alijiuliza kama amejifungia njia mwenyewe.

Kazini hakukuwa na nafasi ya kujihurumia. Kituo kilikuwa na pampu tatu. Ya kwanza na ya pili zilifanya kazi bila kelele nyingi. Pampu ya tatu ilikuwa balaa. Ilitafuna beringi, yaani vile vyuma vya duara vinavyosaidia mhimili uzunguke kwa wepesi. Kila mara beringi zilikufa, pampu ikazimwa, na mtaa wa mlimani ukakaa bila maji. Nati aliwaona watu wa huko wakishuka na ndoo, akaona aibu.

"Pampu hiyo ina mkosi," alisema mkuu wa kituo, mzee mfupi aliyependa kumaliza mambo haraka. "Wewe badilisha beringi tu."

Nati alizibadilisha. Akazibadilisha tena. Alifika mahali angeweza kuzibadilisha amefumba macho.

Siku moja ya mapumziko alikuwa nyumbani anakunywa chai. Mama alikuwa anashona. Meza ikatetemeka, mkasi ukatembea, ukaanguka. Nati alikuwa ameuona ukianguka maisha yake yote, lakini siku hiyo alisimama na kikombe mkononi.

"Mama, rudia!"

"Nirudie kuangusha mkasi wangu?"

"Tafadhali, Mama. Kanyaga polepole. Sasa ongeza kidogo. Ongeza tena!"

Polepole, mkasi ulitulia. Mbio, mkasi ulitulia. Hapo katikati tu ndipo ulipotembea.

"Kwa nini hapo katikati?" Nati aliuliza.

"Mwanangu, mimi nashona. Aliyesoma ni wewe."

Asubuhi yake Nati aliweka kikombe cha maji kando ya kila pampu. Kwenye ya kwanza na ya pili, maji yalitulia. Kwenye ya tatu yalicheza mpaka yakamwagika. Akainama kuangalia chini. Pampu mbili zilikaa juu ya zege. Ya tatu ilikaa juu ya fremu ya chuma, kwa sababu kona ile zamani ilikuwa inaingia maji.

"Tatizo si beringi, mzee," alimwambia mkuu wa kituo. "Ni fremu. Inatetemeka. Tuichomelee vyuma vya kuishikiza."

Mkuu akakubali kwa shingo upande. Vyuma vikachomelewa. Pampu ikawashwa. Loo! Ilinguruma kuliko mwanzo. Beringi mpya hazikumaliza hata wiki.

"Kiongozi wa zamu," mkuu alisema mbele ya mafundi wote, "umetibu jino, umevunja taya."

Mafundi walicheka. Uso ulimwaka Nati kwa haya. Lakini jioni alipofika mtaani hakuingia kwao. Alipitiliza hadi kwa Mama Pacha.

"Dada, nimeharibu! Nimeongeza vyuma ili mtetemo upungue, umeongezeka! Naona kinachotokea. Sijui kukipima. Sijui kukikokotoa. Fremu imara zaidi inawezaje kutetemeka zaidi?"

Mama Pacha alipiga makofi kwa furaha.

"Hilo sasa ndilo swali! Na spana haiwezi kulijibu."

Nati akaanza kutabasamu. Ni kweli. Swali lilikuwa limemnyima usingizi, na alikuwa analitaka.

"Safari hii usianze na jina la chuo," Mama Pacha alimwambia. "Anza na mtu. Tafuta mhadhiri anayefanya utafiti wa mitetemo ya mashine. Mwandikie kwa ufupi: wewe ni nani, swali lako ni lipi. Uliza aliowasimamia kama huwasaidia au huwatelekeza. Uliza kama unaweza kusoma huku unafanya kazi. Uliza kama maabara yake ina kazi ya msaidizi inayolipia ada. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu."

Nati aliwaandikia wahadhiri watatu. Mmoja hakujibu. Wa pili alisema, "Hilo si eneo langu, lakini mwone fulani." Fulani ndiye aliyekuwa wa tatu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpokea ofisini. Nati akatoa vyeti.

"Vyeti nitaviona baadaye. Niambie swali," mhadhiri alisema.

Nati akamweleza pampu, kikombe cha maji na vyuma vilivyoongeza balaa. Mwisho akamweleza mkasi wa Mama. Mhadhiri akasogeza kiti chake karibu.

"Nafasi ipo," alisema. "Pampu yako itakuwa maabara yako. Utanisaidia vipimo hapa, na kazi hiyo italipia ada. Ila mwajiri wako lazima akubali."

Mkuu wa kituo aliposikia, alikunja uso.

"Nikikuruhusu kwenda darasani, nani atabadilisha beringi?"

"Ndiyo maana naenda, mzee. Ili zisihitaji mtu wa kuzibadilisha."

Mkuu alimtazama. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Nenda. Lakini ukirudi na maneno matupu, utazibadilisha mpaka ustaafu."

Masomo yalikuwa magumu. Nisikudanganye, msomaji. Hesabu zilimtoa jasho, na mtihani wa kwanza alianguka. Mama alimpikia chai, akamwambia, "Mshono ukienda upande tunafumua, tunashona tena." Nati akafumua. Akaenda kwa mhadhiri kuuliza alichokuwa haelewi. Mtihani wa pili alifaulu. Swali lake lilimvuta mbele kila alipochoka.

Na jibu likapatikana. Aliwaeleza mafundi kwa lugha rahisi.

"Kila kitu kina mwendo wake wa kutetemeka. Fikirieni mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo, haendi mbali. Ukimsukuma kwa wakati wake, anapaa. Fremu yetu ilikuwa karibu na mwendo wa pampu. Vyuma nilivyoongeza vikaisogeza karibu zaidi. Pampu ikawa inaibembeza. Tuvitoe, tufunge zege zito chini ya pampu. Uzito utaiweka fremu mbali na mwendo huo."

"Una hakika?" mkuu aliuliza.

"Nimepima, mzee. Nimekokotoa. Nina hakika."

Vyuma vikatolewa. Zege likafungwa kwa bolti nene. Mafundi wote walikuja kuangalia, na waliocheka zamani walisimama mbele. Nati aliweka kikombe cha maji juu ya fremu. Akabonyeza swichi.

Maji kwenye kikombe yalitulia.

Mkuu wa kituo alisubiri kelele. Hakuisikia. Akainama, akatega sikio.

"Imekufa?" aliuliza.

"Inafanya kazi, mzee. Angalia geji ya msukumo wa maji."

Mkuu aliangalia geji. Sindano ilikuwa imepanda mpaka juu. Akavua kofia, akampa Nati mkono, akausahau huo mkono ndani ya mkono wake. Mafundi walishangilia mpaka mlinzi akaja mbio. Siku ile mtaa wa mlimani ulipata maji, na siku zilizofuata pia. Beringi za akiba zilikaa kabatini zikishika vumbi.

Nati alitetea utafiti wake mbele ya wahadhiri, akafaulu vizuri. Jioni hiyo Shangazi alibisha hodi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "lile gauni langu bado lipo?"

Mama alilitoa kwenye msumari. Shangazi akalijaribu.

"Limesinyaa," alisema.

"Gauni halisinyai nyuma ya mlango, wifi," Mama alijibu, na wote watatu wakacheka. Kisha Shangazi akamkumbatia Nati, akalia kidogo, akasema, "Nilikasirika bure, mwanangu. Nisamehe."

Mama aliketi kushona mkono wa pili. Kabla hajaanza, Nati alichukua pasi ya zamani ya chuma, nzito, akaifunga chini ya meza kwa kamba.

"Kanyaga sasa, Mama. Mwendo wa katikati."

Mama akakanyaga. Mkasi ulilala pale pale. Mama aliutazama. Akaongeza kipande kingine cha mshono, akautazama tena. Macho yalimjaa machozi, na hakuyafuta.

Siku ya joho, Shangazi alivaa zambarau yake, mikono yote miwili. Jirani mmoja alimsogelea nje ya ukumbi.

"Si ulituambia habari hizi zamani, halafu binti akakataa?"

"Alikataa," Shangazi alijibu kwa fahari. "Alijua kukataa."

"Hongereni. Mwanangu naye anataka kuomba shahada ya pili mwaka huu."

"Vizuri sana," Shangazi alisema, akaweka sawa bega la gauni. "Ana swali gani?"