Spika Chini ya Blanketi

Kila jioni ya Julai, ukungu uliposhuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kuikalia Karatu, Hilary alikwenda gereji kupasha muziki wake wa kukodisha shughulini. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kupasha muziki, na majirani wakamtania kwamba wenzake hupasha kiporo. Lakini alijua anachofanya. Gereji ile, hatua ishirini kutoka jikoni kwake, ilijengwa kwa ajili ya gari la watalii: mabati matupu juu, saruji tupu chini, na baridi ya ndani ikizidi ya nje. Spika zikilala na unyevu, huharibika. Kwa hiyo alizipandisha juu ya matairi makuukuu, akazifunika mablanketi, na kila jioni akawasha ampilifaya kwa nusu saa, sauti ikiwa sifuri, ili joto lake lifukuze unyevu.

"Napasha mara moja, narudi tule," alimwambia mkewe.

"Usikawie," alijibu Angelina, mwiko mkononi. "Ugali wa baridi sikusongei mwingine."

Hilary alicheka. Alimpenda mke huyu bila kificho, mpaka wanaume wenzake waliona haya kwa niaba yake. Hata hivyo, kicheko cha jioni ile hakikufika mbali. Tangu arudi kutoka Endulen, kijiji cha Wamaasai ndani ya hifadhi, siku tatu zilizopita, kuna kitu kilikuwa kimemkaa kifuani.

Alikuwa ameitwa huko kupiga muziki kwenye msiba wa kijana mmoja, mdogo wa rafiki yake Sironka, ili kwaya isikike. Kabla hajafunga hata waya mmoja, Sironka alimvuta pembeni.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Jina lake usilitaje. Kwetu mtu akishaondoka, jina tunaliacha lipumzike. Wewe sema tu 'ndugu yetu'."

"Usijali, kaka," Hilary alisema.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Hilary alikuwa mtu wa maiki, na kimya kilimwasha kama upupu. Isitoshe, kwenye misiba ya Karatu mwenye muziki ndiye mtangazaji, na kazi yake ya kwanza ni kutaja jina la marehemu mara tatu, ili hata aliyechelewa ajue anamlilia nani. Basi aliposhika maiki na kuongeza mwangwi, mdomo ukajiendea wenyewe. Alilitaja jina. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mimi silitaji hapa, na mtaniwia radhi.

Vilima vikalirudisha. Akina mama wakavuta shuka kufunika nyuso. Mzee mmoja akaokota fimbo yake, akaondoka bila kuaga. Sironka alikuja, akachomoa waya, akanong'ona:

"Umemwita. Kwa sauti kubwa namna hiyo, lazima amesikia."

Hilary aliomba radhi mpaka akachoka. Wakamsamehe, au walisema wamemsamehe, naye akarudi nyumbani na aibu yake.

Sasa alifungua kufuli lililolowa ukungu, akaingia gereji. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Haikuwa harufu ya oili wala ya mabati. Ilikuwa ya maziwa na moshi, kama kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto. Katika gereji yake hakukuwa na kibuyu.

Aliwasha ampilifaya. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Akahakikisha sauti iko sifuri. Waya za spika zilikuwa zimekunjwa ndani ya ndoo, pale pale alipoziweka, na maiki ilikuwa kwenye boksi lake. Hakuna kilichounganishwa na chochote.

Akakaa juu ya tairi, mikono kwapani, akisubiri nusu saa yake.

Ssss...

Alidhani ni ukungu unadondoka kwenye mabati. Akasikiliza. Ssss... ikanyamaza... ssss. Kulikuwa na mtu anapumua. Na pumzi ilitoka chini ya blanketi.

Hilary aliogopa. Alitaka kusimama, miguu ikakataa.

Ndipo spika iliposema. Ilisema kwa sauti yake yeye, Hilary, ile nene ya kwenye shughuli, yenye mwangwi. Ililitaja jina la marehemu. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha ikatulia, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Na chini ya blanketi la pili, sauti nyingine, changa, ikaitikia taratibu:

"Nimekuja."

Hilary alinyoosha mkono, akachomoa ampilifaya ukutani. Taa nyekundu ikazimika. Pumzi haikuzimika.

Ssss...

"Angelina," spika ikaita.

Ilikuwa sauti yake bado, lakini si ya shughuli tena. Ilikuwa ile laini ya nyumbani, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia isipokuwa mkewe.

"Abee!" Angelina aliitikia kutoka jikoni.

Bibi yake Hilary, huko Kansay, aliwafundisha wajukuu wote: ukiitwa jioni na usiyemwona, nyamaza. Ukiitika mara tatu, umekubali kwenda. Walimcheka bibi. Sasa Hilary alifungua mdomo apige kelele, Usiitike! Haikutoka hata herufi. Koo lilikuwa kavu na tupu, kama ndoo iliyopinduliwa.

"Angelina... njoo."

"Abee! Nakuja, ngoja niipue!"

Mara mbili.

Miguu ikarudi. Alitoka mbio, akajigonga bega mlangoni, akatumbukia kwenye ukungu. Alimwona mkewe anakuja, mwiko mkononi, anatabasamu kuelekea gereji kama mtu anayekwenda kupewa zawadi. Nyuma ya Hilary spika ikavuta pumzi.

"Angelina..."

Akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Wakaanguka wote kwenye majani yaliyolowa. Angelina alimpiga kwa mwiko, akadhani mumewe amepata wazimu. Hilary hakumwachia.

Taratibu, harufu ya maziwa na moshi ikapita juu yao, ikapotea.

Sironka alikuja siku ya pili yake, baada ya Angelina kumpigia simu, kwa maana Hilary hakuwa na sauti tena. Alinong'ona tu, na mpaka leo hunong'ona. Sironka alinyunyiza maziwa kwenye mlango wa gereji, akasali kwa lugha yake, kisha akasali na Baba Yetu, asiache upande wowote na lawama. Halafu akauliza:

"Shemeji aliitika mara ngapi?"

Hilary akaonyesha vidole viwili.

"Basi ya tatu asiitike. Kamwe." Aliinamisha kichwa. "Mdogo wangu alikufa mwezi mmoja kabla ya kuoa. Nyumba ilikuwa imeshaandaliwa, na bado inamngoja bibi harusi."

"Nifanye nini?" Hilary alinong'ona.

"Sijui, kaka. Nimewauliza wazee, nao hawajui. Hawajawahi kuona jina la marehemu likiitwa na spika."

Spika waliziteketeza hapo hapo uani, pamoja na mablanketi. Hilary alilia, kwa sababu zilikuwa maisha yake yote, lakini kiberiti aliwasha mwenyewe. Wakakubaliana na mkewe kwamba jina la Angelina halitatajwa tena ndani ya nyumba ile. Akimtaka, atapiga makofi. Angelina alizoea. Akiitwa na jirani, alitoka kwanza nje, akamtazama usoni, ndipo akaitikia. Wiki mbili zikapita, gereji tupu, kufuli mlangoni. Wakaanza kucheka tena.

Jumapili moja walirudi kutoka kanisani wamegandishwa na upepo. Wakala. Angelina akajikunyata kwenye kiti karibu na jiko la mkaa, na joto likambembeleza, akasinzia. Hilary alikaa mkabala naye, akimtazama. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Harufu ikaingia. Maziwa na moshi.

Hilary akageuka dirishani. Mlango wa gereji ulikuwa umefungwa vilevile, kufuli mahali pake.

"Angelina," sauti yake ikaita kutoka mle ndani, kwa upole mkubwa.

Angelina alikuwa usingizini. Alitabasamu.

Hilary aliruka. Alipiga teke jiko, mkaa ukatawanyika sakafuni, akakanyaga makaa bila kuyasikia. Kiganja chake kikafika mdomoni kwa mkewe.

Chini ya kiganja, pumzi ya moto. Na midomo ikatikisika.

Mara moja tu.

Alisema, au hakusema? Hilary hakusikia neno. Alimshika vile vile mpaka mkewe alipofumbua macho. Hakushtuka. Hakuuliza juu ya makaa yaliyotapakaa sakafuni. Aliuondoa mkono wa mumewe polepole, kama mtu anavyoondoa mkono wa mgeni, akavuta khanga yake begani, akatazama njia ya kupanda hifadhini.

"Samahani," alisema. "Kutoka hapa mpaka Endulen, kwa miguu, nitafika kabla ya giza?"