Limerudi, Halijapona

Mke wa seremala alikuwa msusi. Kutwa nzima mikono juu. Akimaliza kichwa hiki, kingine kinakaa. Jumamosi alicheza mpira wa pete. Siku moja aliangukia mkono wa kulia, bega likateguka.

Mumewe alilivuta, likaingia. Alijigamba mtaa mzima.

"Mlango ukitoka kwenye bawaba, unaurudisha. Kazi kwisha!"

Kazi haikwisha. Bega lilitoka tena akianika nguo, kisha akivaa blauzi. Kila likitoka, seremala anaitwa, anatupa randa, anakuja mbio. Mkewe analia, majirani wanampigia fundi makofi.

Mara ya nne lilitoka saluni, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Mwenye saluni alikunja uso.

"Shoga, nakupenda, lakini likitoka tena kiti chako nampa mwingine."

Msusi aliogopa kwelikweli. Kazi nyingine hakuijua.

Seremala alipofika, yule mteja aliinuka, upande mmoja amesukwa, upande mwingine nywele timtim. Kumbe alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Shemeji, usilivute!"

"Mbona siku zote linarudi?"

"Kurudi siyo kupona. Mlango ukitoka mara nne, utaurudisha tu?"

"Aa, hapana. Nitatazama skrubu. Huenda mbao imechanika."

"Basi na humu ndani kuna kano, kamba zinazoshika mifupa. Zimechanika. Kila bega likitoka, zinalegea zaidi. Nawe ukilivuta, unaweza kuvunja mfupa au kuumiza mishipa."

Seremala alinywea. Waliufunga mkono kwa kitambaa, vilevile ulivyokaa, wakaenda hospitali. Bega lilipigwa picha. Daktari alimpa mgonjwa dawa ya maumivu, ndipo akalirudisha taratibu.

Mkono ulikaa kwenye kitambaa wiki kadhaa. Kisha yakaja mazoezi: kusukuma ukuta, kuvuta kamba ya mpira, kila siku. Daktari alisema yasiposaidia, huenda akafanyiwa upasuaji. Msusi alichoka, akanuna, lakini hakuacha. Mwenye saluni alikubali kumngoja.

Mwezi wa sita tangu siku ile, aliruhusiwa kusuka. Mpira wa pete bado alikatazwa. Jioni ya siku ya kwanza, seremala alimsubiri mlangoni, roho juu.

"Vipi leo?"

"Nimesuka vichwa vitatu," mkewe alisema, "na hakuna aliyekuita."